Kicheko cha Mama Biira

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sikuyasikia kwenye kijiwe cha madereva, wala sikuambiwa na mtu aliyeambiwa na mwingine. Mwili huu huu ulikuwa pale, na macho haya haya yaliona. Ninalisema hili mapema kwa sababu siku hizi sina hakika na mambo mengi ya maisha yangu, lakini hili nina hakika nalo. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi nilikuwa nikizicheka habari za namna hii, zamani, nilipokuwa bado nina kila kilicho changu kichwani.

Mimi ni mtu wa barabarani. Baba yangu alikuwa dereva wa malori, Mwislamu wa Kasese, na nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu yeye na mama hawakuwa na lugha nyingine ya kukutania. Nilisoma sekondari, nikaishia njiani, nikaingia kwenye chumvi. Naichukua Katwe, pale ziwani wanapoikata kwa mikono, nazunguka nayo: Kasese, Maliba, Kyarumba kule juu milimani, Bwera, na siku zenye amani hata ng'ambo ya mpaka wa nchi, hadi Butembo. Sijawahi kukaa mahali pamoja muda wa kutosha jirani azoee kikohozi changu. Watu wakiniona hudhani sina mzigo wa moyoni. Ninao. Yaani, nilikuwa nao.

Mke wangu alikuwa Mkonzo wa Kyarumba. Jina lake silitaji. Mbele za watu nilimwita mama Biira, na tangu afe nimeendelea hivyo hivyo. Sasa, kama hujui desturi za Wakonzo, nikueleze kidogo, maana kisa chote kimesimama hapo. Mtoto kwao hupewa jina kwa nafasi yake ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika. Wa pili ni Biira. Hakuna kubahatisha. Ukikutana na Biira popote pale, hata kama hujui lolote kuhusu kwao, unajua kuna Masika aliyemtangulia.

Masika wetu alizaliwa Katwe na hakumaliza mwezi. Tulimzika huko huko. Picha hatukupiga. Bibi yake, mama wa mke wangu aliyekuwa akiishi Bwera, hakuwahi kumwona. Mvua ilikuwa imekata barabara, na ilipofunguka hakukuwa tena na mtoto wa kuja kumwona. Alipozaliwa wa pili, mimi, mgeni wa mila hizo, nikasema basi na huyu tumwite Masika, kwa kuwa jina lilikuwa limebaki bila mwenyewe. Mama Biira alinitazama kana kwamba nimesema tumtupe.

"Masika ni Masika," akasema. "Huyu ni Biira. Iko mutu mbele yake."

Basi akawa Biira. Na kabla Biira hajaanza kutembea, mama yake naye akaondoka, kwa homa, Bwera, mimi nikiwa njiani narudi. Mtoto alilelewa na bibi yake, ambaye naye sasa ni marehemu. Waliomwona Masika akiwa hai wakaisha mmoja mmoja, mpaka nikabaki mimi peke yangu.

Unajua ni kitu gani kubaki peke yako na mtu ambaye hakuna mwingine anayemkumbuka? Unaogopa hata kuugua. Nilikuwa na mazoea yangu. Kila nikipanda lori, likishika barabara, nafumba macho na kuanza kuwapitia: uso wa mama Biira, sauti yake, namna alivyovuta pumzi ndani kwanza kabla ya kucheka, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Halafu Masika. Wenzangu walidhani nalala. Miaka ishirini nilisafiri hivyo, nikiwa na watu wawili ndani yangu, na nilidhani vitu vya kichwani ni kama vitu vya sandukuni. Unafunga, unafungua, unavikuta.

Biira hakuwahi kunisikia nikivisema. Nilipomtembelea nilileta chumvi, nguo, sukari. Nikijaribu kumzungumzia mama yake niligeukia habari za barabara, nikaahirisha, nikaondoka. Mpaka alipokaribia kuolewa, akanipigia simu nikiwa Katwe.

"Baba," akasema, "mimi sitaki godoro wala masufuria. Iyo, watu ya bwana wangu watanunua. Nataka siku moja mbele ya harusi ukae chini, uniambie mama alikuwa mutu gani. Na Masika. Mimi nimebeba jina inasema iko dada yangu, na sijui hata alifanana na nani."

Nikamwambia nakuja. Nikamwambia safari hii nitasema yote. Na wallahi nilikusudia.

Nilipanda lori la chumvi Alhamisi mchana. Tulipokaribia njia panda ya Kikorongo mvua ikatushukia, ile mvua ya kule ambayo inafuta mlima wote mbele yako. Turubai lilikuwa limefungwa vizuri, lakini klachi ikafa. Dereva, Mkongomani mmoja mcheshi, akatazama juu akasema Mungu naye siku hiyo alikuwa anapakua mizigo. Akapiga simu kwa fundi Kasese, fundi akasema mpaka asubuhi. Dereva akajikunja ndani ya kabini akalala. Mimi nikakimbilia kibaraza cha duka moja lililofungwa. Ilikuwa bado jioni. Mwanga ulikuwepo, wa kijivu.

Kwenye benchi alikuwa amekaa mtu. Mwanamume wa rika langu, mashavu laini, shati la kawaida, hana mzigo. Alisogea kunipa nafasi kabla sijaomba.

"Karibu, baba. Lori yenu imekufa?"

"Klachi."

"Basi tuko wote wa hapa."

Alikuwa na Kiswahili cha mpakani, cha kutuliza. Tukazungumza habari za mvua, za barabara. Akaniuliza naenda wapi, nikamwambia Bwera, kwa binti yangu Biira anayeolewa, na kwamba ana jambo anataka nimweleze kuhusu marehemu mama yake, na sijui nitaanzia wapi.

"Anzia na mimi," akasema. "Ukijaribu kwa mutu mugeni, kwa mutoto haitakushinda."

Wewe ungeona ubaya gani katika maneno hayo? Mimi sikuona. Niliona ni busara. Nikaanza.

Nilimweleza jinsi nilivyokutana na mama Biira kwenye njia ya miguu ya Kyarumba, mahali ambapo watu wawili wenye mizigo hawapishani bila mmoja kusimama. Mimi nilikuwa nashuka, yeye anapanda na gunia la kahawa kichwani. Nilisimama upande wa bonde, kwa adabu, na mawe yakaanza kuteleza chini ya miguu yangu. Yeye, bila kugeuza shingo, maana mwenye gunia hageuzi shingo, akasema, "Wewe wa chumvi, kaa upande wa mulima. Ukianguka sirudi kukuokota." Halafu akacheka, gunia likiwa pale pale kichwani, halitikisiki.

Yule mtu alisikiliza. Niamini, sijawahi kusikilizwa vile maishani mwangu. Hakukatiza, hakutazama barabara, hakushika simu. Ukiongea naye ulihisi kwamba unachokisema ndicho kitu cha pekee kilichopo duniani. Nikafika kwenye kicheko. Nikasema alikuwa na kicheko chake, sijui nikielezeje, alivuta pumzi ndani kwanza...

Na yule mtu akacheka.

Alivuta pumzi ndani kwanza, kama mtu anayetaka kupiga chafya, halafu kikatoka. Kilikuwa chenyewe. Sauti ya mwanamke, ya mwanamke mmoja tu, niliyemzika Bwera. Hata ile sehemu ya mwisho, kilipokatika kwa kikohozi kidogo, ilikuwepo, na sehemu ile mimi nilikuwa sijamwambia.

Nilijua. Usidhani sikujua. Tangu utoto tumeambiwa habari za wanaokaa njia panda, na Ayatul Kursi, aya ya kujikinga nao, naijua kwa moyo. Nilipaswa kuinuka, nikapande kabini nikamwamshe dereva. Lakini nakuuliza wewe unayenisikiliza: ungekuwa na miaka ishirini hujaisikia sauti ile, ungeinuka?

Nilimwambia zaidi, ili nisikie zaidi. Nikamwambia alivyokuwa akipuliza moto huku anaguna wimbo usio na maneno. Yule mtu akaguna. Nikamwambia alivyosema "haya" akiwa amechoka kubishana nami, akiikata fupi, kama anafunga mlango taratibu. Yule mtu akasema "haya". Nilimpa alivyokohoa, alivyoniita kutoka jikoni, alivyolia usingizini bila kuamka. Kila nilichompa alinirudishia kikiwa hai, mara moja. Mara moja tu, kisha hakukirudia. Mvua ilikuwa inapungua na mimi nilikuwa nafanya haraka, naogopa isije ikakatika kabla sijamaliza. Nilisahau kabisa nilikuwa nafanya mazoezi kwa ajili ya nani.

Nilipofika mwisho akauliza, kwa upole:

"Na Masika iko wapi?"

Masika sikuwa nimemtaja. Lakini nilikuwa nimemtaja Biira, na kule kwetu anayesikia Biira anajua kuna nafasi mbele yake. Hata muuza ndizi angeuliza. Ndivyo alivyoingia: kwa mlango ambao mke wangu mwenyewe alikataa ufungwe.

Hapa sina maneno ya kukupa. Habari za mama Biira nakusimulia kama nilivyomsimulia yule mtu, kwa kuwa maneno yake nimebaki nayo. Ya Masika hayakubaki. Najua nililia. Najua nilisema kwa muda mrefu. Jambo moja tu naliona waziwazi: aliniuliza tulimfunika na nini. Nikamwambia sanda, kwa sheria, lakini mama yake hakukubali aende na nguo ya watu wote, akavua kitenge chake akamzungushia juu ya sanda. Akauliza kitenge hicho kilikuwa cha rangi gani.

Sikukumbuka. Miaka yote ile ya kufumba macho kwenye malori, na sikuwahi kugundua kwamba kitenge hakikuwa na rangi. Niliona aibu. Baba gani asiyejua? Nikasema, "Kijani."

"Kijani," akarudia polepole, akakunja uso kidogo, kama mtu aliyeuma jiwe kwenye maharagwe.

Kisha bodaboda ikatokea upande wa Kasese, taa imewashwa. Aliipungia mkono, akainuka. Shati lake lilikuwa kavu, lakini hilo si kitu, hata langu lilishaanza kukauka.

"Asante, baba," akasema. "Nimeshiba."

Tulikuwa hatujala chochote, yeye wala mimi. Boda ikashika njia ya Bwera.

Asubuhi fundi alikuja, akatengeneza, tukaondoka. Nilikaa vizuri kwenye kabini, nikaegemea, nikafumba macho kama kawaida yangu. Nikaita uso wa mama Biira.

Hakuja mtu.

Nikaanza tena, kwa kujikumbusha: njia ya Kyarumba, gunia la kahawa, "kaa upande wa mulima." Maneno yalikuja yote, kwa mpangilio wake. Lakini aliyeyasema hakuwa na sura, na sauti niliyoyasikilizia ilikuwa yangu mwenyewe. Ilikuwa kama habari ya watu wa wilaya nyingine. Nikatafuta kicheko. Najua alivuta pumzi ndani kwanza. Hilo ningeweza hata kuandikia mtihani. Kicheko chenyewe hakikuwepo. Nikamtafuta Masika, na huko hapakuwa hata na maneno. Palikuwa na jina tu, kama msumari ukutani picha ikishaanguka.

Dereva aliniuliza kama naumwa. Nikasema nimelala vibaya.

Biira nilimkuta uani kwa marehemu bibi yake, akichambua maharagwe ya kesho. Alipiga magoti akanisalimu, akanitandikia mkeka, akaleta chai. Halafu akasukuma ungo pembeni, akakaa mbele yangu, mikono mapajani, kama mtoto wa shule anayesubiri kusomewa hadithi. Alikuwa amengoja tangu alipojua kuongea. Na mimi nikaanza.

Nilimpa maneno yote. Njia, gunia, mawe, kicheko. Nilijisikia nikisema na nikajua kilichokosekana. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Baba," akasema taratibu, "unasema kama mutu anasoma gazeti."

Nikashika kikombe changu cha chai.

"Na Masika?"

Nilitazama maharagwe kwenye ungo. Nilisema alikuwa mtoto mzuri. Biira aliitikia kwa kichwa, akasubiri. Nikasema tena kwamba alikuwa mzuri. Kuku alipita kati yetu na hakuna aliyemfukuza.

Ndipo akaniambia, pengine kwa kunipunguzia aibu, kwamba jana jioni, mvua ilipokatika, mzee mmoja alipita akaomba maji. Mzee wa mvi, amechoka. Alikaa hapo hapo nilipokaa mimi, akamsimulia habari za mke wake aliyekufa na mtoto wake wa kwanza.

"Alinililia hapa, baba. Na mimi nikalia, mutu hata simujui." Alikuwa akitabasamu huku anafuta jicho. "Alisema ule mutoto wake alikuwa analala na ngumi kwenye sikio, hivi, kila siku. Mama yake alikuwa anacheka, anasema muache, anasikiliza habari ya redio. Mpaka siku amekufa, ile ngumi ilikuwa kwa sikio. Wakamufunika na kitenge ya mama yake, ya kijani."

Nikaweka kikombe chini.

"Alicheka?" nikamuuliza. "Huyo mzee, alicheka?"

"Mara moja. Kicheko ya ajabu, anavuta ndani kwanza." Akajaribu kuigiza. Haikuwa yenyewe. Nikamwomba arudie, akarudia, akaona haya, akaacha. "Nilikuwa nawaza, kumbe iko wanaume wanakumbuka," akasema. "Ule mzee alipenda mwanamuke yake, baba."

Hapo sikuweza. Nikamwambia, "Biira, huyo ni Masika. Huyo mtoto ni dada yako. Ni mimi niliyemwambia yule mtu, jana, Kikorongo."

Tabasamu likaondoka usoni mwake kidogo kidogo. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Usifanye hivyo, baba," akasema. "Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Usichukue maiti ya mwenzako."

Akarudisha ungo mapajani, akaendelea kuchambua.

Kesho yake watu wa mumewe walikuja kumchukua. Alipendeza, watu walikula, nilikaa penye nafasi ya baba. Wakati wa kuaga alipiga magoti mbele yangu kama inavyotakiwa, na macho yake yalitazama shati langu.

Baada ya hapo nilizunguka sana. Nilirudi Kikorongo mara nyingi, nikakaa kwenye benchi lile mvua ikinyesha na isiponyesha. Mwenye duka alishaanza kuniletea chai kwa huruma. Niliwahi hata kwenda kwa daktari mmoja Kasese, kijana mpole, nikamweleza yote bila kuficha. Hakunicheka. Alisema kichwa si sanduku. Kila unapokumbuka jambo, alisema, unalijenga upya, na unachokumbuka safari inayofuata ni lile jengo la mwisho. Sauti huondoka mapema kuliko maneno. Mtu akisimulia sana, masimulizi huketi juu ya tukio mpaka tukio halionekani tena. Akasema huenda nilikuwa nimeanza kumsahau mama Biira miaka mingi iliyopita, kwenye malori huko huko, kwa kule kule kumpitia kila siku, na siku ile ya Kikorongo ndiyo niliyogundua.

Nikamuuliza, "Sasa habari ya ngumi na sikio Biira aliipata kwa nani?"

Akasema labda nilimwambia mimi mwenyewe alipokuwa mdogo sana, akiwa amelala mapajani, nikasahau kwamba nilisema, naye akasahau ni nani aliyemwambia. Akasema watu hubaki na habari na kupoteza mlango ilikoingilia, hutokea kila siku.

Ni maelezo mazuri. Nimeyafikiria katika safari nyingi. Lakini daktari hakukisikia kile kicheko.

Biira alijifungua kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Msichana, kwa hiyo Masika. Nilikwenda na chumvi na sukari kama mtu yeyote. Tulikuwa tumeshazoea kuzungumza habari ndogondogo, za afya na barabara. Alinipa mtoto nimshike, akaenda kumimina chai.

Mtoto alikuwa amelala. Kisha akajinyoosha kidogo, akapandisha mkono, akakunja ngumi akaiweka kwenye sikio.

Nikasubiri. Nilidhani sasa itafunguka, kwamba kitu kitainuka kutoka chini na nitamwona Masika yule mwingine, uso wake, chumba cha Katwe, mama yake akicheka. Nilimtazama mtoto yule mpaka macho yakaniuma. Hakuna kilichokuja. Alikuwa mjukuu wangu amelala, basi.

Nilipoinua kichwa nikamwona Biira amesimama na kikombe. Chai ilikuwa inamwagika kidogo kwenye vidole vyake na hakuihisi. Alitazama ngumi ya mtoto, akanitazama mimi. Akakaa chini pale pale, penye vumbi.

"Alikuwa wetu," akasema.

Nikasema, "Alikuwa wetu."

"Na mimi nikakuambia umechukua maiti ya mwenzako." Alilia kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto. Nikamwambia hakuwa na kosa. Angejuaje? Hata mimi sikuwa na ushahidi zaidi ya ngumi ile. Najua vilevile kwamba watoto wengi hulala na ngumi usoni. Daktari angeniambia hivyo. Sikumpelekea habari hiyo.

Siku hizi nikifika Bwera ni Biira anayenisimulia mimi. Tunakaa uani, ananipa aliyopewa jioni ile: redio, ngumi, wimbo usio na maneno, na mambo mengine ambayo sikujua kama niliwahi kuwa nayo. Anasimulia vizuri, na anasimulia kama aliona. Safari ya mwisho aliniambia anamkumbuka mama yake, kabisa, amesimama mlangoni Katwe amejifunga kile kitenge cha kijani. Biira hakuwahi kukaa Katwe. Na kile kijani hakikuwepo. Nilikitunga mimi, benchini, kwa aibu. Lakini alikuwa anang'aa usoni alipokisema, na sikumsahihisha, kwa kuwa ningemsahihisha kwa rangi gani?

Nimegundua jambo kuhusu kile kijani. Nikifumba macho kwenye lori sasa, uso hauji, sauti haiji, mtoto haji. Kijani kinakuja. Chenye kung'aa, kipya, kama kimetoka dukani. Yule mtu alichukua kila nilichokikumbuka. Kile hakikuwa kumbukumbu, kikamkwama kinywani, akaniachia.

Basi wewe, ukipita Kikorongo mvua ikikukamata, na mtu akasogea kwenye benchi kabla hujaomba, kaa, mwambie habari za barabara na za klachi. Wafu wako usimpe, hata akisikiliza vizuri namna gani. Wape watoto wako, leo, hata kama maneno yanagoma, usingoje harusi. Lakini najua jinsi alivyo, na najua sauti atakayokutolea. Ukishindwa, ukajikuta umeanza, weka katikati kitu kimoja kidogo cha kutunga. Rangi ya nguo inatosha. Hicho hataweza kukimeza, na jioni yake utakuwa na kitu cha kushika.

Mimi nina kijani.